Kiapo cha Bunduki ya Upepo

Troyeville, Johannesburg
6 Machi 2016

Mke wangu Mayasa,

Nakusalimu wewe na Baba. Mimi ni mzima, ila mgongo. Barua anakuletea Mussa, na ana mabegi mengi ya viatu vya kuuza, kwa hiyo karatasi ikikunjika usinilaumu mimi. Usiniambie nipige simu. Simu ya hapo kwenu inapokewa sebuleni, nikikwambia nimekukumbuka watu wanaanza kukohoa. Na Baba anapenda kusomewa.

Nimepata kazi nyingine. Ile ya kubeba saruji nimeiacha, au yenyewe imeniacha. Sasa niko kwenye shamba moja ukishapita Midrand. Tajiri wake ni Kaburu, anaitwa Kobus. Jumamosi watu wa maofisini wanakuja kulenga shabaha na kuwinda swala kwa bunduki za upepo. Mwambie Baba asicheke. Hizi si kama ile yake ya kunguru, unakunja mtutu, springi inakaza, unapiga. Hizi tundu la mtutu linaingia kidole changu kidogo. Risasi yake ukiiweka kiganjani ni nzito kuliko pete yako. Chini ya mtutu kuna bomba, unalijaza hewa kutoka kwenye mtungi kama ule wa wazamiaji. Kazi yangu ni kuwasha kompresa, kujaza mitungi, kuangalia geji, kusimamisha mabamba ya chuma ya shabaha, na kufagia. Bomba likijaa unapata risasi tatu nzuri. Ya nne inatoka imechoka, inaangukia chini ya pale ulipolenga. Wateja hawapendi kuambiwa hivyo.

Bunduki kubwa hizi zina leseni kama za baruti. Mgeni kama mimi siruhusiwi kuwa nayo, labda kushika tu mwenyewe akiwa amesimama ubavuni. Wiki iliyopita Kobus akaniambia, "Isaac," ndivyo anavyoniita, "kila siku unawajazia wengine. Haya, piga moja." Nikalipiga bamba la mbali kabisa, likalia. Akasema ni bahati. Nikalipiga tena. Akanitazama. Sasa anataka niwe napiga mbele ya wateja, waone bunduki zake ni nyepesi kutumia, hata mfagiaji anaweza. Ndivyo alivyosema, hata mfagiaji. Sikukasirika. Mayasa, tangu tumzike Bakiri sijasikia furaha mwilini mwangu, na pale niliisikia.

Washa ya ngozi ya bunduki ya Baba, ile ya kuzuia upepo usitoke, iliyokauka ikawa inavuja, mwambie nitamtafutia.

Mumeo,
Ishaka


Ngamiani, Tanga
2 Mei 2016

Mume wangu Ishaka,

Barua imefika, inanuka viatu vipya. Nimemsomea Baba. Nilipofika kwenye bunduki alikaa sawa kitini, akasema, "Huyo ndiye aliyempiga kunguru juu ya mnara wa redio nikampa binti yangu." Baba amefurahi. Mimi sikufurahi.

Umesahau? Uliondoka hapa na kaka yangu, mkala sahani moja njia nzima. Bakiri akafungua spaza, kiduka chake, huko Bertrams, wakaingia watu wenye bunduki, wakataka alichonacho, akawapa, na bado wakampiga. Wewe ndiye uliyemwosha. Wewe ndiye uliyeniandikia tundu lilikuwa dogo kiasi gani. Leo unaniandikia tundu la mtutu linaingia kidole chako, na umesikia furaha.

Usiniambie ni upepo. Mtu akikuona na kitu kile begani hatakuuliza ndani mna baruti au mna upepo. Polisi wa huko wakikukuta wewe, mgeni, mweusi, na bunduki ya Kaburu mkononi, wataanza kwa kuuliza?

Sikukatazi kazi. Jaza mitungi yao, fagia. Lakini usifyatue. Niapie. Na usiniapie hivi hivi kama unavyoapa kuacha sigara. Niapie kiapo ambacho hutaweza kukivunja, ndipo na mimi nitalala. Tangu barua yako ije silali.

Mkeo,
Mayasa


Troyeville
17 Julai 2016

Mke wangu,

Nilisoma barua yako nimekaa juu ya kompresa wakati wa chakula, chakula kikanishinda. Umesema kweli. Niliandika ile furaha kabla ya kufikiri nani ataisoma.

Nimemwambia Kobus sitapiga tena. Akasema, "Mkeo yuko nchi nyingine kabisa, atajuaje?" Emery akacheka mpaka akakaa chini. Emery ni Mkongo wa Uvira, tunafanya kazi pamoja na chumba tunapanga pamoja. Kobus akaniuliza basi nitamfaa kwa nini. Nikamwambia najua kuchinja. Kuna mwenye bucha, Mwislamu wa Mayfair, alikuwa hanunui nyama ya pale kwa sababu risasi hizi zinaua kwa kishindo, mnyama anakufa hajachinjwa. Sasa ananunua. Kwa hiyo kazi yangu mpya ni kukimbia. Mteja akipiga, swala akianguka, mimi mbio na kisu nimkute angali na roho, nipige bismillahi, nichinje. Ukiniona ninavyokimbia utasema nimeiba.

Sasa kiapo. Nimetafuta kitu ambacho siwezi kukivunja. Kwa jina la Mungu nimeshaapa mara nyingi, unajua mwenyewe, na sigara navuta. Nimeona niape kwa kile kimoja nilichonacho.

Mimi Ishaka bin Ramadhani naandika nikiwa na akili zangu. Siku nitakayofyatua tena bunduki, ya baruti au ya upepo, kwa kiumbe au kwa bamba, Mayasa binti Othmani ameachika kwangu talaka tatu. Mussa amesimama hapa ameniona nikiandika.

Sasa lala.

Mumeo,
Ishaka


Ngamiani
28 Agosti 2016

Mume wangu (maana bado ni mume wangu, au leo umepita karibu na bunduki?),

Nilitaka uape. Sikutaka uniweke rehani kama redio. Nilimsomea Baba barua yote, sikuruka mahali, na nilipofika pale akaiacha chai ikapoa. Kisha akasema, "Kijana huyu hajui utani." Unamjua.

Nimekukasirikia, na nimelala. Vyote viwili. Niliiweka barua chini ya mto nikalala mpaka jua likanikuta, Baba akadhani naumwa. Wenzangu hapa mtaani waume zao hawajawahi kuwaapia hata kwamba wataleta samaki.

Chumba cha nyuma nimeanza kukipaka chokaa. Fundi alitaka kuweka dirisha dogo, nikamwambia mume wangu amekaa kwenye chumba cha giza miaka yote hiyo, nataka dirisha kubwa. Ulisema utarudi kabla ya Ramadhani ijayo. Mimi nimeshawaambia watu. Usiniaibishe.

Jihadhari na mikono yako.

Mkeo,
Mayasa


Troyeville
22 Januari 2017

Kwa Mayasa,

Mimi ni mzima. Huku mvua ni nyingi.

Ndani ya bahasha mna washa ya ngozi ya bunduki ya Baba. Nimeikata mwenyewe. Ailoweke kwenye mafuta kabla ya kuitia, lakini yasiwe mengi. Mafuta yakizidi bunduki inatoa moshi.

Ramadhani sitakuja. Usiendelee na chokaa. Usinisubiri kwa chakula wala kwa jambo lolote. Watu wakiuliza waambie nina kazi.

Ishaka


Ngamiani
11 Machi 2017

Ishaka,

"Kwa Mayasa." Hata mtu wa maji akileta ankara huniandika Bibi.

Nimemkalisha Mussa, nikamwekea chai na mkate wa kumimina, nikamwuliza. Mussa hawezi kula na kudanganya kwa wakati mmoja. Amesema kuna mwanamke wa Kikongo, msusi, anaitwa Clémentine, ndiye anayekupikia. Amesema ana meno mazuri. Mimi sikumwuliza meno.

Kama umeoa, umeoa. Hutakuwa wa kwanza. Nitalia, nitanyamaza, nitamwambia Baba mimi mwenyewe. Lakini usinitumie kipande cha ngozi badala ya maneno. Baba tangu kifike anacho mfukoni. Anakitoa, anakipapasa, anasema kazi safi, mkwe wangu ana mikono. Mimi natoka nje.

Au ni mimi? Ile barua ya Agosti ilikuudhi? Nilikutania kwa kuwa nilikuwa na furaha. Kama nimekosea niambie nilipokosea. Usiniache nitafute mwenyewe, nitapata mengi.

Chokaa nimemaliza. Ulichelewa kunikataza.

Mayasa, mkeo mpaka utakaponiambia vingine


Troyeville
9 Aprili 2017

Mayasa,

Clémentine ni mke wa Emery. Anatupikia sote wawili na anatutukana kwa Kifaransa. Meno anayo, ni kweli. Hakuna mwanamke. Bora angekuwapo.

Soma hii peke yako kwanza, halafu ndiyo umsomee Baba.

Ilikuwa Novemba, baada ya mvua. Mteja mmoja alikuwa amepiga mabamba asubuhi yote, kisha akamwona swala. Nikamwambia, "Bwana, hewa imeshuka, nipe nijaze." Akasema swala ataondoka. Akapiga. Risasi ikatoka imechoka kama nilivyokuwa nasema, ikaanguka chini ya moyo, ikamvunja swala taya, maana alikuwa ameinamisha kichwa anakula. Akaruka korongo akaangukia ng'ambo kwenye matete. Mimi mbio na kisu. Korongo lilikuwa limejaa, maji yanakwenda kwa nguvu. Niliingia. Yakanifika kifuani yakaniangusha, Emery akanivuta kwa kola. Kobus akachukua pikapu azunguke darajani, na daraja liko mbali. Yule mteja akaiacha bunduki kwenye nyasi, akaenda nyuma ya mti akatapika.

Mayasa, swala alilia. Sikujua kama swala analia vile. Anasimama, taya linaning'inia, anaanguka. Akianguka anatazama upande wetu.

Emery akasema, "Ishaka, hii nyama iko nalia kama mutoto. Piga, ndugu yangu."

Nikamwambia, "Piga wewe."

"Mimi? Sijashika hii kitu hata siku moja. Nitamuongezea mateso."

Na ni kweli, angemvunja mguu. Nikamwita yule mteja. Alikuwa anatikisa kichwa tu.

Sikusahau kiapo. Ningekuwa nimesahau, labda masheikh wangeniambia jambo jingine. Nilikuwa nakumbuka kila neno kama lilivyokaa kwenye karatasi. Nilijaza bomba, nikangoja geji ipande mpaka mwisho, maana kama ni kufanya nilitaka iwe moja tu. Nikakuona umekaa na barua. Swala akaanguka tena. Nikasema bismillahi, nikafyatua. Akalala.

Kobus aliporudi akanipiga begani, akasema risasi safi, akasema pia tusimwambie mtu kwa sababu niliishika yeye akiwa mbali. Bucha haikuichukua ile nyama. Emery hakujua ni kitu gani kingine kimekufa pale, aliniuliza kwa nini nimekaa kwenye matope.

Ningeweza kunyamaza. Ningekuja Ramadhani, nikalala kwenye chumba chako cha chokaa, na wewe usijue unalala na nani. Hilo lilinishinda. Na kukwambia kulinishinda. Ndiyo nikaandika ile ya Januari, nikitaka unichukie uondoke mwenyewe. Ukajibu ukaandika "mkeo". Nimekaa na neno hilo siku zote hizi.

Nimekwenda kwa imamu wa Mayfair, nikamtamkia kiapo chote. Akaniuliza nani alinifundisha kuapa vile. Nikasema wanaume wa kwetu huapa hivyo. Akashika kichwa. Akasema talaka imepita.

Hii ndiyo habari yangu.

Ishaka


Ngamiani
3 Juni 2017

Ishaka,

Nimerudi kwenye kalenda, nikahesabu. Eda yangu ilipita bila mimi kujua kwamba niko eda. Nimepaka hina kwenye arusi ya jirani. Nimejibu watu mlangoni, "Hajambo, atakuja Ramadhani." Nimepanda ngazi kumalizia kona za juu za dirisha lako. Nilikuwa nimeshaachwa na ninapaka chokaa.

Yule swala nimemlilia pia. Usinicheke. Nikijiuliza ningetaka ufanye nini pale, sipati jibu, na hilo linaniudhi kuliko vyote.

Baba hakukaa kitako. Pamoja na magoti yale amekwenda kwa kila sheikh anayemjua. Wengi wamesema kama imamu wako. Mmoja, mzee wa Pangani, amesema mlango upo. Wako wanazuoni wanaosema mtu akiapa vile kwa kujitisha tu ili ajizuie, na moyoni hakukusudia kabisa mke aondoke, basi ni kiapo kama viapo vingine. Atalisha masikini kumi, na mkewe ni mkewe. Lakini akasema, "Hili siwezi kulijibu mimi wala wewe. Mwulizeni mwenyewe. Siku anaandika, alikusudia nini?"

Ishaka, andika neno moja. Andika, nilikuwa natisha. Mussa atakaa huko wiki moja, mpe hiyo karatasi hata kama haina salamu. Masikini nitawalisha mimi, mchele upo. Mimi ndiye niliyekuomba kiapo kisichovunjika. Nilikuwa na hofu, nikakusukuma. Hilo nalo uliandike kama unataka.

Baba amekaa barazani anamngoja Mussa kana kwamba Mussa ameshafika. Andika.

Mayasa


Troyeville
26 Juni 2017

Mayasa,

Leo huku ni Idi. Emery amenishika bega asubuhi, akasema, "Andika, wewe mujinga. Andika ulitisha. Nani ataingia mu roho yako kuangalia?" Clémentine ameninunulia kalamu mpya, akaifungua mwenyewe, akaniwekea mkononi. Neno lenyewe nimeliandika. Nimeliandika kwenye karatasi nyingine, nikalitazama, nikachana. Nikaandika tena.

Mussa amekaa mlangoni anasubiri. Amevaa koti tayari.

Siku ile nimekaa juu ya kompresa nilimkumbuka Bakiri, nilivyomgeuza ubavu ili maji yafike mgongoni. Alikuwa mzito, nilimgeuza peke yangu. Nikasema moyoni, mtu aliyemwosha huyu, halafu akafyatua tena, hastahili kukaa na dada yake. Ndipo nikaandika. Sikuwa natisha. Nilikusudia. Uliniomba cha kweli nikakupa cha kweli, na ndiyo sababu ulilala mpaka jua likakukuta.

Nikisema nilitisha utafurahi, na Baba atafurahi, na mimi nitapanda basi kesho. Nitafika. Utanifungulia. Halafu nitakuwa najua mimi peke yangu kwamba nimekuingiza kwenye haramu kwa neno moja la uongo, na wewe unaniwekea chai. Nimejaribu kujiona ninakunywa ile chai. Siwezi.

Mwambie Baba asiende tena kwa masheikh. Magoti yake.

Kwa Kobus nimeacha. Nimerudi kwenye saruji.

Ishaka bin Ramadhani


Ngamiani
4 Februari 2018

Ndugu Ishaka,

Natumaini barua hii itakukuta na afya. Sisi hatujambo.

Nimechelewa kujibu kwa sababu sikutaka kukuandikia matusi. Nilikuwa nayo mengi. Mussa alipofika bila lile neno, Baba alimpa maji, akamshukuru, akaingia ndani. Mimi nilimfukuza Mussa na viatu vyake. Niombee radhi kwake.

Nilikuchukia mpaka vuli. Kisha siku moja nikatoa barua zako, nikafika kwenye ile ya kiapo, mwisho pale ulipoandika "Sasa lala." Nikajua usingeweza kuliandika lile neno. Ungeliandika, ningekupokea kwa vigelegele, na angekuwa amekuja mtu mwingine.

Kuna mtu amekuja kwa Baba. Ni fundi cherehani, mkewe alifariki, ana maneno machache. Nimekubali. Nimetaka uisikie kwangu, usije ukaisikia kwa Mussa na meno ya watu. Chumba cha nyuma hatutakaa, nimekataa. Kitawekwa mchele.

Baba hatimaye ameitia ile ngozi yako. Aliiloweka kama ulivyosema, mafuta kidogo. Jana asubuhi kunguru walishuka kwenye dagaa walioanikwa uani. Akaitoa bunduki, akakunja mtutu, ikakaza, haikuvuja hata kidogo. Akalenga. Akakaa vile muda, jicho moja amelifumba, kisha akasema bila kugeuka, "Ishaka, hebu njoo uangalie. Naona inavuta kushoto."

Mimi nilikuwa naosha vyombo. Nikaacha kuosha.

Baba hakufyatua. Alibaki pale ameielekeza bunduki, mpaka kunguru wakala, wakashiba, wakaondoka wenyewe.

Mayasa binti Othmani